Si kila doa la koi ni la tetrasaiklini
Ujumbe huu haukomi kwenye magrupu ya wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Kigoma: koi (samaki wa mapambo wa bwawani) akitoka madoa, fungua kapsuli za tetrasaiklini, dawa ya antibayotiki, umwage bwawani. Sivyo. Madoa meupe mara nyingi ni vimelea, na antibayotiki haiui vimelea hao. Inaweza kuua bakteria wa kwenye chujio wanaoondoa amonia (taka ya samaki), maji yakageuka sumu. Pima amonia kwanza, isomeke sifuri. Kisha mtaalamu akwangue ute wa ngozi, autazame kwa hadubini. Watu huchanganyikiwa kwa sababu humwaga dawa sambamba na kubadilisha maji, halafu samaki akipata nafuu sifa zote zinaenda kwa kapsuli. (Dume wa kuzalisha naye hutoka vipele vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua, haumwi huyo.) Ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze.