Makasia ya Olimpiki sio mchezo wa mikono

Kila Olimpiki ikifika hili linarudi, eti wapiga makasia wanashinda kwa nguvu ya mikono, mtu akiona mabega kwenye tivii basi kashamaliza. Sio hivyo jamani. Nadhani tunachanganya na kafi, maana kwenye mtumbwi unakaa unaangalia mbele, kafi lote liko mikononi mwako na unapokalia hapaendi popote, kwa hiyo kweli mabega na mgongo ndo vinakoma.

Boti ya mashindano ni kitu kingine, kasia linashikiliwa na kishwara cha pembeni, kiti kina vigurudumu na kinateleza kwenye vireli, miguu imefungwa kwenye viatu vilivyokazwa humo humo kwenye boti. Jamaa anajikunja mpaka magoti yanakaribia kifua, anatumbukiza kasia, halafu anasukuma kwa miguu kama mtu anayenyanyuka na gunia la mahindi, mgongo unafuata, mikono inamalizia tu mwishoni. Ukianza na mikono unachoka mapema, na safari ni mita 2,000.

Paris 2024, fainali ya boti za wanaume wanane wanane, Uingereza walichukua dhahabu kwa dakika 5 na sekunde 22 na ushee, Uholanzi wa pili, Marekani wa tatu. Ukirudia kuangalia zile mbio achana na mikono, tazama magoti yanavyopanda na kushuka. Na yule wa tisa asiye na kasia ndo mshika usukani, wapiga makasia wamekaa wakiangalia nyuma, kwa hiyo yeye peke yake ndo anaona wanakoenda.