Kukodi ndege kutoka Lubumbashi: unalipia saa, si kiti

Mvua zikianza Novemba, kitengo chetu cha uchumi wa uchukuzi hupokea maswali ya aina moja. Barabara ya Mitwaba kwenda Manono haipitiki, mashine ya mgodi imesimama inasubiri fundi, au kuna mgonjwa Kalemie, na mtu ameambiwa kwamba pale Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, ndege inaweza kukodiwa. Anauliza bei. Sisi tunamuuliza mambo matatu: mnakwenda wangapi, mnabeba nini, mtarudi lini. Maswali mawili ya kwanza huwa ana majibu yake. La tatu humkwamisha, na ndilo linaloyumbisha bei kuliko mengine yote.

Shirika lenye ratiba linakuuzia kiti. Viti vingine vikibaki vitupu, hasara ni yake. Ukikodi, unachukua ndege nzima pamoja na marubani wake kwa saa, na viti vitupu vinakuwa vyako. Saa hizo zinajumuisha hata zile ambazo wewe humo ndani haupo: ndege inakuja kukuchukua ikiwa tupu, au inarudi nyumbani ikiwa tupu baada ya kukushusha. Mteja mgeni huona hilo kama wizi. Si wizi. Injini inakula mafuta yaleyale, na saa zinazobaki kabla haijafunguliwa kwa matengenezo zinapungua vilevile, abiria awepo asiwepo.

Tufanye hesabu. Nachukua Cessna Caravan, ndege ya injini moja yenye panga mbele, inayojulikana sana huku ndani kwa sababu inatua kwenye viwanja vya udongo. Kutoka Lubumbashi hadi Manono ni karibu kilomita 485 kwa mstari wa anga, yaani kama saa moja na nusu kwa ndege hiyo. Tuseme mwenye ndege anadai dola 1,800 kwa saa. Namba hiyo ni ya mfano tu, usiende nayo sokoni kama bei. Mkienda asubuhi na kurudi jioni ileile, ndege imeruka saa 3, kwa hiyo ni dola 5,400. Watu tisa wakigawana, kila mmoja ana 600. Mkiwa watatu, kila mmoja ana 1,800.

Sasa tuseme kazi haikuisha na mmelala Manono. Mikataba mingi ina sharti la saa za chini kwa siku, mara nyingi saa 2, kwa sababu ndege inayowasubiri ninyi haiwezi kumhudumia mteja mwingine. Kulala usiku mmoja ni siku mbili, yaani saa 4 za kulipia ingawa mmeruka 3: dola 7,200. Usiku wa pili unafanya siku tatu, saa 6: dola 10,800. Hapo pana jambo la kuangalia. Kama mngeiachia ndege irudi Lubumbashi tupu na kuja tena kuwachukua, ingeruka saa 6, na gharama ingekuwa dola 10,800 zilezile. Usiku wa tatu ndege ikiendelea kuwasubiri mnafika 14,400, huku ile njia ya kuiachia irudi imebaki palepale kwenye 10,800. Kwa mkataba wenye sharti hilo na safari ya urefu huo, basi, mpaka ni usiku wa pili. Sharti likiwa tofauti mpaka unasogea, lakini hesabu inapigwa vilevile, na inapigwa kabla ya kusaini.

Uliza pia saa inaanza kuhesabiwa wapi. Wengine wanahesabu tangu magurudumu yanapoanza kutembea hadi yanaposimama, wengine muda wa hewani pekee. Dakika kumi au kumi na tano kila upande zinaonekana ndogo hadi uzizidishe kwa safari nne.

Juu ya saa kuna vingine. Kuna ada za kutua na maegesho za RVA, shirika la serikali linaloendesha viwanja vya ndege, chakula na malazi ya marubani, Go-Pass, yaani ada ya uwanja anayolipiwa kila abiria, na TVA, kodi ya ongezeko la thamani. Kinachouma zaidi ni mafuta. Viwanja vingi vya ndani havina mafuta ya turbini, na palipo nayo yamefika kwa lori au kwa ndege nyingine, kwa bei ambayo inajumuisha safari hiyo. Ndege ndogo za pistoni zinazotumia petroli maalumu ya ndege hali yao ni ngumu zaidi, ndiyo maana utaziona chache. Proforma nzuri, yaani ankara ya makadirio unayopewa kabla ya kulipa, inasema waziwazi kama mafuta yamo ndani ya bei ya saa, na bei ya mafuta ikipanda kati ya siku ya kusaini na siku ya kuruka nani atabeba tofauti.

Mafuta yanatuleta kwenye uzito, na hapa ndipo ugomvi mwingi unapotokea uwanjani. Caravan haitakiwi kuruka ikiwa imezidi karibu tani 4. Ndege yenyewe na marubani wawili huchukua takriban tani 2.4. Inabaki tani moja na nusu kwa mafuta, watu na mizigo. Kama Manono hamtapata mafuta, lazima mbebe ya kwenda na ya kurudi pamoja na akiba, yaani kama kilo 600. Zinabaki kilo 900. Watu tisa wa kilo 80, kila mmoja na begi la kilo 15, ni kilo 855. Ndege imejaa. Hakuna nafasi ya mfuko wa unga, sanduku la vipuri wala shemeji aliyejitokeza asubuhi hiyo.

Ndiyo maana mnapimwa wote, na mizigo ya mkononi juu. Nimeona mkubwa mmoja wa kampuni akikataa kupanda mizani mbele ya wafanyakazi wake, mkoba wa kompyuta begani na simu mbili mkononi. Kijana wa mizigo akasimama na kalamu yake, akamsubiri kwa heshima zote, bila kuandika chochote. Kijana yule alikuwa sahihi. Luano iko kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, Kolwezi kama 1,500. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la mchana linaifanya nyepesi zaidi. Bawa linabeba kidogo, injini inatoa nguvu kidogo, ndege inahitaji njia ndefu zaidi kunyanyuka. Kilo 100 zilizopita kimya kimya asubuhi kwenye ubaridi zinaweza kuwa tatizo saa nane mchana kwenye kiwanja kifupi cha udongo uliolowa.

Jeti haiondoi tatizo hili. Mara nyingi inalizidisha, kwa kuwa inatua kwa kasi kubwa. Tarehe 12 Februari 2012 jeti ya binafsi aina ya Gulfstream IV ilipitiliza njia ya Kavumu, uwanja wa Bukavu wenye njia ya kama mita 2,000, ikaporomoka mteremkoni. Augustin Katumba Mwanke, mtu wetu wa Katanga na mshauri wa karibu wa rais wa wakati huo, alikufa pale. Ukiambiwa kuna jeti kwa bei nzuri, uliza kwanza njia ya huko mnakokwenda ina urefu gani, ni ya lami au udongo, na marubani hawa wamewahi kutua hapo.

Je, inalipa? Kwa Kinshasa, maoni yangu ni kwamba mara nyingi hailipi. Ni zaidi ya kilomita 1,500, mashirika yenye ratiba yanaruka kwa jeti kubwa, na ukikodi ndege ndogo ya panga utakaa hewani muda mrefu zaidi kwa pesa nyingi zaidi. Anayekodi kwenda Kinshasa ananunua heshima, au ana kikao kisichongoja. Kolwezi nayo inadanganya. Kwa ndege ni chini ya saa moja, lakini ongeza kwenda Luano, kupimwa, kusubiri ruhusa, na gari la kukupokea upande wa pili. Barabara ya lami kupitia Likasi, pamoja na malori yake ya shaba, haiachwi mbali kiasi hicho. Ndege ina maana pale watu kadhaa wenye mishahara mikubwa wanapotakiwa kwenda na kurudi siku ileile, au pale kampuni imeamua wafanyakazi wake wasitembee barabarani usiku.

Manono, Kongolo, Moba, Kalemie wakati wa mvua ni hadithi nyingine. Hapo unalinganisha saa na siku, na siku zenyewe hazina uhakika. Njia sahihi ya kulinganisha ni kuweka upande mmoja bei yote ya ndege, na upande wa pili magari, mafuta, madereva, posho za njiani na hasara ya kila siku ambayo kazi imesimama. Mashine ikiwa inaingiza dola 3,000 kwa siku na fundi atakwama njiani siku nne, ndege ya dola 7,200 ni rahisi. Kama fundi anakwenda kufanya ukaguzi wa kawaida ambao ungeweza kungoja Mei, ndege hiyohiyo ni ghali, hata ukipewa punguzo.

Familia zinakodi pia, na kwa kawaida katika saa mbaya kuliko zote. Kwa mgonjwa, jambo la kujua ni kwamba Caravan haina mgandamizo wa hewa ndani. Ikipanda juu, oksijeni inapungua na hewa iliyonaswa mwilini inatanuka. Mwenye jeraha la kichwa, mapafu yaliyotoboka au upasuaji wa tumbo wa karibuni anaweza kuharibika zaidi angani, kwa hiyo daktari ndiye aseme ndege ya aina gani, siyo dalali. Johannesburg ni kama kilomita 1,600 kutoka hapa, na ndege ya wagonjwa haitaondoka kabla hospitali ya huko haijakubali kumpokea na dhamana ya malipo haijaonekana. Tafuteni pasipoti na visa wakati simu za bei zinaendelea, msingoje jibu.

Kwa maiti, jeneza linaingia kupitia mlango mkubwa wa nyuma wa Caravan, lakini viti vinaondolewa. Wazee waambiwe mapema kwamba nafasi za wasindikizaji zitakuwa chache, kabla ugomvi wa nani aende haujahamia Luano. Cheti cha kifo na kibali cha kusafirisha maiti viwe mkononi siku moja kabla.

Sasa makaratasi ya ndege yenyewe. Kwa sheria ya usafiri wa anga ya tarehe 31 Desemba 2010, anayesimamia sekta hii ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, AAC. Mwambie mwenye ndege akuonyeshe cheti chake cha msafirishaji wa anga, cheti cha ubora wa ndege hiyo hasa, na bima inayotaja abiria. Tarehe ziwe hazijapita. Halafu soma herufi zilizopakwa karibu na mkia: ndege za Kongo huanza na 9S, za Zambia 9J, za Afrika Kusini ZS. Zilingane na karatasi. Ikiwa ndege ni ya nje, uliza kibali chake cha kubeba abiria wa kulipia ndani ya Kongo. Kuwa na ruhusa ya kutua si sawa na kuwa na ruhusa ya kufanya biashara. Ikiwa unafanya kazi na kampuni ya kigeni au shirika la misaada, anza na bima yao. Makampuni ya anga ya Kongo yamo kwenye orodha nyeusi ya Umoja wa Ulaya tangu ya kwanza ilipotolewa mwaka 2006, na baadhi ya bima haziwalipi waliopanda ndege hizo. Nyingine hazikubali ndege ya injini moja kabisa.

Bei iliyo chini mno kuliko nyingine zote huwa imeacha kitu nje. Afadhali kikawa TVA kuliko kikawa rubani wa pili. Komisioneri, yaani dalali wa ndege, anaweza kuwa na faida, kwa kuwa anajua ndege ipi iko wapi, na wakati mwingine anakupatia ile inayorudi tupu kwa bei ya chini sana. Ukikubali safari hiyo, tarehe na saa si zako: mteja wa kwanza akibadilisha mpango, yako inakufa. Ni nzuri kwa vipuri, mbaya kwa harusi. Na malipo yaende kwa jina lililo kwenye cheti, kwa risiti.

Kabla ya kulipa, hakikisha proforma imeandika nani anabeba gharama ndege ikishindwa kuruka. Viwanja vingi havina taa, hivyo lazima mtue kabla ya jua kuzama, kama saa kumi na mbili hivi. Mawingu ya radi hupanda mchana, na Agosti na Septemba moshi wa kuchoma pori unaweza kufunga macho ya rubani. Rubani akisema leo hapana, ndege ibaki chini bila mteja kutozwa saa ambazo hazikurukwa. Mteja akichelewa yeye, dakika 30 za kwanza zisilipiwe, zinazofuata zilipiwe kwa kiwango kilichoandikwa. Ndege ikiharibika, mbadala uwe wa ukubwa uleule, au pesa zirudi ndani ya siku zilizotajwa kwa namba.