Ukimvua Kiumbe Usichokijua, Usimpasue

Kila picha ya "mnyama wa ajabu" inaposambaa kwenye makundi ya WhatsApp, simu za ofisini kwetu hapa Dar es Salaam hazipumziki. Wananchi wanataka tuithibitishe picha hiyo. Picha peke yake haithibitishi kitu.

Chukueni mfano wa kipunji. Wawindaji wa Rungwe walimjua nyani huyu kabla ya watafiti. Mwaka 2005 alipewa jina la kisayansi kwa kutegemea picha, na wataalamu wakabishana. Ni pale kipunji mmoja alipokufa kwenye mtego wa mkulima ndipo vinasaba (DNA) vikapimwa, na mwaka 2006 akawekwa kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) yake mwenyewe, Rungwecebus. Kule Scotland, mwaka 2018 timu ya mwanasayansi Neil Gemmell ilichota maji ya Loch Ness, ziwa linalodaiwa kuwa na dubwana mfano wa mtambaazi mkubwa, ikapima vinasaba vilivyomo: hakuna dalili ya mtambaazi yeyote, ila vya samaki aina ya mikunga vilikuwa tele.

Kwa hiyo picha haitoshi, lakini wenyeji huwaona viumbe kabla yetu, nasi tunawasikiliza wavuvi. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka zama za dinosaria, alivuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na kuanzia mwaka 2003 akanaswa kwenye majarife yetu, Kilwa na hasa Tanga.

Ukipata kiumbe usichokijua, usimpasue, usimtie chumvi. Akiwa hai, mrudishe majini. Akiwa amekufa, mlaze kwenye barafu, mpige picha ubavuni na kinywani, kando yake pakiwa na futi ya kupimia. Andika eneo, kina, aina ya wavu na saa. Kisha mwite Afisa Uvuvi wa eneo lako. Yeye ndiye atakayekata kipande cha nyama na kukihifadhi kwenye spiriti kali. Tafadhali, siyo formalini! Huharibu vinasaba, na tumeshapoteza sampuli nzuri kwa sababu hiyo.

Usimuuze. Silikanti yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, pamoja na nguva. Na nguva si nusu mtu, tumelisema hili mara nyingi mno: ni mamalia anayekula majani ya baharini, na kwetu wamebaki wachache sana, hasa kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa.

Kuhusu picha za kughushi, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa za uongo akijua ni za uongo, kwa nia ya kupotosha umma. Faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.