Bati halivuji, linatoa jasho

Mwezi wa saba, kiangazi kikavu Njombe na Makete, simu ni zilezile: "Fundi, bati linavuja, njoo na silikoni." Jamani, mvua haijanyesha wiki ngapi? Hayo maji yanatoka wapi?

Yanatoka ndani. Usiku mbingu ikiwa wazi, bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake. Hewa hiyo imebeba mvuke wa sufuria, wa kuoga na wa pumzi za waliolala. Ikigusa bati, mvuke unageuka matone, kama chupa ya soda iliyotoka friji. Jua likichomoza yanadondoka, na jipsamu inachora miduara ya njano.

Panda darini alfajiri na tochi. Matone yametapakaa bati zima? Jasho. Njia moja ya maji inayoanzia kwenye msumari na kufuata kenchi? Hapo panavuja, ziba.

Linaloniudhi ni hili: mtu akisikia baridi anaziba kwa saruji matundu ya hewa ukingoni mwa paa, "joto lisitoke". Umefungia mvuke! Joto huzuiwa na pamba ya kioo juu ya dari, milimita 100, bila mapengo, na isisongwe hadi kugusa bati pembeni; acha milimita 50 hewa ipite. Hewa iingie ukingoni pande zote mbili, itokee chini ya kofia ya kileleni mwa paa. Weka wavu, popo nao wanapenda darini.

Kama hujaezeka, tandika foili chini ya bati. Anza chini kupanda juu, kipande cha juu kilalie cha chini milimita 150, kilegee kidogo kati ya papi (mbao zinazopigiliwa bati), mwisho wake umwage maji kwenye gata. Ikivutwa ikabana bati, haiakisi chochote.

Nailoni ya kuzuia mvuke? Vitabu vinasema ikae upande wenye joto. Njombe upande huo ni juu tu ya jipsamu, chini ya pamba. Dar es Salaam kwenye kiyoyozi mambo yanageuka, kwa hiyo huko siiweki kabisa. Hata Njombe sina hakika inarudisha gharama. Kwanza ziba mapengo ya taa na mlango wa dari, maana hewa inayopenya hapo hubeba mvuke mwingi zaidi. Na nyumba yenye plasta mbichi italia msimu wa kwanza hata ukifanya yote.

Bomba la feni ya bafuni lisiishie darini. Lipandishe hadi nje ya bati, ulivike pamba, la sivyo litatoa jasho lenyewe na maji yatarudi bafuni.