"Nitakuletea ikishakaa sawa, Mwalimu"

Juzi Darajani nilimuona mwanafunzi wangu wa uzamivu amejiziba uso kwa kanga aliyokuwa akiichagua dukani. Nikapita kama sikumuona, kisha nikarudi nikasimama mbele yake. "Shikamoo Mwalimu. Wallahi sura ya nne naimalizia, nitakuletea ikishakaa sawa." Miezi minane sasa naisikia kauli hiyo, na si kwake peke yake.

Hakuna dhana inayoniudhi kama hii: kwamba msimamizi hupelekewa kazi iliyokamilika, na kumpa rasimu chafu ni kumkosea adabu. Tumelelewa hivyo, mgeni hatiliwi chai katika kikombe chenye ufa. Lakini msimamizi si mgeni. Mgeni ni mtahini wa nje. Mimi nimewekwa niuone ufa kabla yake.

Kuna aliyekuwa akitafiti kipato cha wanawake wa mwani Paje na Jambiani, ambako kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989. Akatengeneza dodoso, akaona haya kunionesha kwa kuwa "halijapangika", akaenda nalo uwandani miezi mitano. Swali la 11 liliuliza: kilo ya mwani unauza shilingi ngapi? Basi. Mwani gani? Cottonii ina bei kubwa kuliko spinosum, na ndiyo hiyo inayokufa maji yakipata joto, hata wakulima wengi wakabaki na spinosum tu. Mkulima yeyote angemwambia, nami ningemwambia kwa dakika tano lau ningeliiona karatasi ile. Majibu yote ya bei yakawa hayana kazi. Akarudi pwani upya, kwa nauli ya mfukoni mwake.

Kwa hiyo nina sharti langu, na wanafunzi wangu wamelichoka: kila Alhamisi ukurasa mmoja, hata kama umejaa makosa ya tahajia. Juu yake andika mstari unaosema umekwama wapi. Hukuandika kitu wiki hii? Lete huo mstari peke yake. Ukurasa mmoja nausoma nikisubiri daladala. Kurasa 90 zikiletwa kwa mpigo wiki moja kabla ya semina zitakaa mezani, na asije mtu akasema nimemchelewesha.

Zipo na dhana nyingine za wanafunzi. "Msimamizi anaijua mada yangu kuliko mimi." Mwaka wa kwanza, labda. Ukifika wa tatu bado unaniuliza mimi data zako zinasema nini, hapo pana kasoro.

"Msimamizi akiridhika, nimeshafaulu." Mimi naridhia tasnifu iwasilishwe tu, wanaoihukumu ni watahini. Siku ya utetezi usinigeukie kunitazama, sitakujibia.

"Kibali atanishughulikia yeye." Kibali cha utafiti Zanzibar hutolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, na ukigusa afya za watu kuna kamati ya maadili iliyo chini ya ZAHRI, Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Barua nitakuandikia. Kufuatilia ni kwako, tena kabla hujaenda kubisha hodi kwa sheha.

"Wino mwekundu ni chuki." Ukurasa niliouchora nimeusoma mara mbili. Uliorudi mweupe, pengine nilisinzia.

"Msimamizi habadilishwi." Hubadilishwa, kwa maombi ya maandishi yenye sababu. Na hapa niwaseme wenzangu: wapo wanaolala na sura ya mtu nusu mwaka, wapo wanaodai jina lao liwemo katika makala ambayo hawakuandika hata aya. Hilo halivumiliwi kwa kisingizio cha heshima. Kila baada ya kikao mtumie msimamizi barua pepe fupi ya mliyokubaliana, pamoja na tarehe. Siku mkihitilafiana utaihitaji. Mimi mwenyewe niliwahi kubanwa na barua ya namna hiyo, na mwanafunzi ndiye aliyekuwa na haki.

Yule wa Darajani aliniletea ukurasa wake Alhamisi usiku, saa tano kasoro robo. Una makosa 17, na wazo zuri ajabu amelificha kwenye tanbihi.