Hifadhidata si Jina Jingine la Excel

Pitia maombi ya kazi za usaidizi wa utafiti au ukarani katika chuo kikuu chochote hapa Nairobi, hutakosa sentensi hii: “Nina ujuzi wa hifadhidata, hasa Excel.” Hiyo “hasa” ndiyo iliyonifanya niandike.

Hifadhidata ni data iliyopangwa chini ya ulinzi wa programu maalum, yenye kanuni zilizowekwa mapema: nini kiingie, nani akiguse, rekodi hii inahusiana vipi na ile. Programu hizo ni kama MySQL, PostgreSQL na Access.

Excel ni lahajedwali (spreadsheet), yaani programu ya majedwali ya kuhesabia. Ukoo wake ni wa mahesabu: lahajedwali ya VisiCalc ilitoka 1979, Excel ikafuata 1985, kwanza kwenye Macintosh. Kinachowachanganya watu, nadhani, ni majedwali. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alipendekeza data ipangwe kwa majedwali yanayohusiana, na hifadhidata nyingi hadi leo hufuata wazo lake. Mtu akiona safu mlalo na safu wima huku, akaziona na kule, anasema ni kitu kimoja. Lakini wazo la Codd lilikuwa kwenye uhusiano. Katika hifadhidata ya chuo, mwanafunzi anasajiliwa mara moja tu. Alama zake na karo yake hukaa kwenye majedwali mengine, yakimrejelea kwa nambari ya usajili. Akibadilisha jina, linasahihishwa mahali pamoja.

Kwenye Excel, kila seli, yaani kila kisanduku, inajitawala. Chukua dodoso za kaya za Kawangware. Karani wa kwanza ameandika “Kawangware”, wa pili “Kawangwari”, wa tatu, mwenye haraka zake, “K/ware”. Ukija kuhesabu kaya kwa mtaa, una mitaa mitatu. Nambari za simu nazo zimepoteza sifuri ya mwanzo kwa sababu programu imezidhania kuwa hesabu. Kisha mtu anapanga safu ya majina kialfabeti, anapuuza onyo, na umri wa Achieng unahamia kwa Mwangi. Najua Excel ina orodha za kuchagulia, lakini mtu akibandika data juu yake, orodha hiyo haimzuii. Tabia hii ya Excel ya kukisia aina ya data imewasumbua hata wataalamu wa jenetiki: jina la jeni MARCH1, kwa kufanana na Machi 1, lilikuwa likigeuzwa tarehe, hadi kamati inayosimamia majina ya jeni ikaipa jeni hiyo jina MARCHF1, na mwongozo wake mpya ukatoka 2020. Wakati huo jeni ndiyo iliyohama, si Excel!

Waajiri nao wana lao. Tangazo linadai “ujuzi wa hifadhidata”, kumbe kazi yenyewe ni kupanga ratiba ya mitihani. Mwombaji afanyeje?

Kama umetumia Excel pekee, andika lahajedwali, kisha useme ulichofanya nayo: kusafisha data, VLOOKUP (fomula ya kutafuta thamani kwenye jedwali), majedwali egemeo (pivot tables) ya kufupisha data. Ofisi nyingi zinahitaji hayo hasa, na wanaoyajua vizuri si wengi. Na kama uliwahi kuingiza data za mradi kwenye REDCap, programu ya kukusanyia data za utafiti, hiyo ni hifadhidata. Iandike bila woga. Ila sema “niliingiza data”. “Niliunda” mwachie aliyetengeneza zile fomu na kuweka kanuni zake, kwa sababu ndiye jopo la usaili litakayemuuliza alizipangaje.