Mapambo Hayamtoi Mtoto Kiwango cha D: Dhana Potofu Kuhusu Insha ya KCSE

Muhula wa pili ukikaribia kwisha, wazazi wa watoto wa kidato cha nne wanaosubiri KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, hunipigia simu na ombi moja: "Mwalimu, mtoto wangu insha imemlemea. Huna ile karatasi ya mapambo umpe akariri?" Nimelisikia hadi nimechoka, na sasa nalisikia hata kwa walimu wenzangu. Mapambo ni misemo, methali na tashbihi za kupamba insha. Ombi hilo nalijibu kwa urefu, dhana nyingine potofu nitazigusa tu.

Dhana: Mtoto dhaifu akikariri misemo mizito, atapanda.

Hapandi. Mara nyingi anashuka.

Mtahini wa Kiswahili karatasi ya kwanza hakai na orodha ya tashbihi akizihesabu. Anaisoma insha, anajiuliza huyu mtahiniwa anawasiliana kiasi gani, kisha anaiweka kwenye kiwango chake: D ni alama 1 hadi 5, C 6 hadi 10, B 11 hadi 15, A 16 hadi 20. Anatazama kama swali limejibiwa, kama hoja zinafuatana, kama sentensi zinaeleweka bila kurudiwa mara mbili. Methali iliyotua mahali pake humsaidia mwanafunzi wa B aikaribie A. Kwa mtoto ambaye sentensi zake bado hazijasimama, haina kazi.

Chukua swali la methali "Mchelea mwana kulia hulia yeye". Mtoto aliyekaririshwa anaanza na majogoo kuwika, ndege kutumbuiza, umande kumetameta, na jua "kuchomoza machweo", maana alikariri asichokielewa. Nusu ukurasa imekwisha, na hatujamwona mama wala mwana. Kisha mapambo yanamwishia, anabaki na Kiswahili chake: "Juma alikuwa kijana mwenye alipenda vitu venye hawezi nunua." Mtahini anaona hapo hapo kwamba aya ya kwanza si ya mtoto huyu, na kosa ambalo lingepita kimya sasa linapiga kelele.

Tabia hii tumeirithi kutoka KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mtoto alipewa dakika 40 na mwanzo wa kisa, naye akaja na aya zake mfukoni. Akifika sekondari anaendelea vivyo hivyo, na hakuna anayemwambia aziache.

Mimi hufanya hivi. Namnyang'anya kalamu kwanza. Namwambia anisimulie: nani alimdekeza nani? Alimnyima adhabu gani? Mtoto akaharibika vipi? Mzazi alilia lini, na kwa sababu gani hasa? Kwa mdomo karibu kila mtoto anaweza, hata yule anayeitwa mzito darasani. Majibu yake manne tunayaandika kwa mistari minne, na huo ndio mpango wa insha. Anaandika kwa maneno anayoyamiliki. Kesho yake anaiandika upya insha ile ile, na wiki ijayo mara ya tatu. Wazazi hulalamika kwamba mtoto "anarudia kazi". Ndiyo, anarudia! Akiandika insha ishirini tofauti na makosa yale yale, amejizoeza makosa tu.

Na makosa ya mtoto dhaifu huwa machache kuliko tunavyodhani, ila yanajirudia. Kwa wanafunzi wangu wa Nairobi ni haya: "mwenye" badala ya "ambaye", "venye" badala ya "jinsi", "ndio nipate" badala ya "ili nipate", na "vitabu zangu". Achague matatu yake, ayaandike kwenye jalada la daftari, apambane na hayo matatu tu mwezi mzima.

Dhana: Insha ndefu ina alama nyingi.

Swali linataka maneno yasiyopungua 400. Aliyeishia nusu ya hapo anaumia kweli, lakini kurasa sita za mtoto dhaifu ni nafasi zaidi ya kukosea tu.

Dhana: Insha ya methali lazima ianze kwa kueleza maana ya methali.

Swali linaomba kisa. Lililo la lazima ni kisa kionyeshe pande zote mbili za methali: mzazi achelee, kisha alie. Wengi huishia kwenye kuchelea.

Dhana: Sheng, lugha ya mtaani ya vijana, ndiyo imewaharibu, hakuna la kufanya.

Hii sina subira nayo. Wako watoto wanaozungumza Sheng kutwa na wanaandika sanifu, kwa sababu mtu aliwaonyesha wapi hasa lugha mbili hizi zinaachana. Kumkemea mtoto kwa Sheng si kumfundisha.

Dhana: Sura ya swali la kwanza, yaani muundo wa barua, hotuba na kadhalika, ni mambo madogo.

Swali la kwanza ni la lazima na lina alama 20, nusu ya karatasi nzima. Barua rasmi bila anwani mbili, kumbukumbu za mkutano bila orodha ya waliohudhuria na waliotuma udhuru, hotuba isiyowatambua wakubwa kwa vyeo vyao: hizo ni alama anazotupa mtoto asiye na alama za kutupa. Mzazi, ukitaka mtoto akariri kitu, akariri sura hizi. Zinakaririka, hazitegemei kipawa, na zinampa pa kuanzia anapotetemeka.

Muda ni saa moja na dakika 45 kwa insha mbili. Nawagawia hivi: dakika tano za mpango kwa kila insha, arubaini za kuandika, na zinazobaki kumi na tano ni za kusoma tena, kidole kikipita chini ya kila mstari, midomo ikisogea bila sauti. Asitafute kila kosa, hatayaona. Atafute yale matatu ya kwenye jalada la daftari.